Bangili ya Nyangi mbele ya mashine

Mama Ezra, hebu sikia haya! Mdogo wangu Nyangi nusura aachwe na ndege Mwanza, naye anamwahi mumewe, yuko hoi hospitali huko Dar.

Kapita kwenye mashine ya ukaguzi pale uwanjani, ikalia. Karudia, ikalia. Askari akamwambia, "Bibi, vua hiyo bangili."

Bangili ya ndoa, Mama Ezra! Ile tunayovua siku ya kumzika mume!

Nyangi kaikumbatia kifuani. "Sivui. Mwenyewe yu hai."

"Ndege inaondoka, bibi."

"Nikiivua hapa, nakwenda kumwona nani?"

Eti avue, Mama Ezra! Hebu fikiria!

Akaja askari wa kike. "Shikamoo, mama." Akamkagua kwa mikono mwili mzima, hadi mikunjo ya kitenge. "Pita. Mzee aikute mkononi."

Kanipigia ameshakaa kwenye kiti cha ndege. Sasa nasubiri simu ya Dar, na naogopa kuipokea.