Kwa Damaris Mbithe: Mjukuu Uliyemwona kwa Mbali

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, Agosti ya 1998, na nyumba hii ya Ukunda bado haijazoea kukaa bila sauti yako.

Wenzako wa dobi pale hotelini Diani wanasema hakuna aliyekunja shuka kama wewe, wala aliyewatania wakubwa hadharani na bado akapendwa. Kanisani ulikuwa huketi kabla hujampa kila mtu mkono, na mchungaji alijua kukusubiri.

Uliteleza kwenye sakafu yenye sabuni, ukavunjika mguu. Hospitalini ukawekewa vyuma, nasi tukajua utarudi upesi. Kila tulipokuja kukuona tulipita kitanda hadi kitanda tukiwapa wagonjwa wote mkono, kama ulivyotulea, maana kumruka mgonjwa ni kumdharau. Wageni wa wenzako nao walifanya vivyo hivyo.

Kisha kidonda kikatunga usaha. Sindano zikabadilishwa na kubadilishwa tena, homa ikakataa kushuka. Daktari akatueleza polepole: "Vijidudu hivi mama amevipata humu humu wodini, na vimeshakuwa sugu. Dawa tulizo nazo haviziogopi. Na mikono yetu ndiyo inayovibeba."

Tangu hapo ukaificha mikono yako chini ya shuka. Wewe, Mama! Tuliona jinsi ulivyoumia.

Ndipo Monicah, mke wa mwanao Owen, akaja na mtoto mchanga, binti yao wa kwanza, aliyepewa jina lako kama ilivyo desturi yetu Wakamba. Ulikuwa umemngoja mimba nzima. Lakini ulimwambia, "Simama hapo hapo mlangoni, mwanangu."

"Aki Mama, mshike kidogo tu. Si ni wako?"

"Ni wangu. Ndiyo maana simshiki."

Sista Mwanapili, muuguzi wa wodi, akasema, "Basi mfunue uso, bibiye amtazame."

Ulimtazama, ukamtazama. Ukasema masikio ni ya Baba, maskini ya Mungu, ukacheka huku machozi yakikutoka. Wiki ile ile ukatuacha.

Tunakukumbuka sote: mumeo Ndeti, wanao Owen na Kasyoki, mkaza mwanao Monicah, na wenzako wa dobi. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.

Mbithe wako ameanza kutembea. Ni mzima, Mama.