Sisimizi Juu ya Kimondo

Mtaa wa Mabawa,
Tanga.
9 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Luay,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako nimeipata, marahaba sana. Vipi hali yako huko Muscat, na kile kifua kinachokusumbua wakiwasha viyoyozi? Sisi wazima, alhamdulillahi. Goti langu tu ndilo linaloleta ujeuri nikipanda ngazi.

Nimefanya kama ulivyoniomba. Jumamosi nilikwenda Mkwaja na dadako Bayan kuliona jiwe la yule kijana Sabiri, hilo analodai limeanguka kutoka angani, nawe unataka kumpa shamba la Tongoni ili akupe jiwe hilo. Hati ya shamba niliifutika kiunoni. Nikupe ukweli wangu: niliingia kwa yule kijana nimeshaamini. Alipoweka sumaku ikanasa pa! moyo ukanienda mbio. Nikaona shamba la marehemu babako linaondoka, lakini wewe unauza kimondo na kurudi kwetu tajiri.

Mara nikaona sisimizi. Mstari mzima, wanapanda mguu wa meza mpaka juu ya jiwe. Mwanangu, nimepika udi miaka thelathini. Nikaikwangua ile ngozi nyeusi ya jiwe kwa kucha, nikaonja. Sukari! Sukari iliyoungua, vilevile ninavyoiunguza mimi kwenye sufuria ya udi. Sabiri, bila haya, akaniambia, "Shangazi, vya mbinguni vyote vitamu."

Bayan alichukua birika la maji ya moto tuliloletewa kwa chai, akalimwagia jiwe lote. Weusi ukachuruzika mezani, pakabaki chuma chenye vitundu kama mkate wa kumimina, makapi tu ya tanuri la kuyeyushia vyuma. Na kile cheti cha kuthibitisha kimondo alichokutumia? Picha yake ni ya jiwe jingine kabisa.

Ukisikia tena habari za namna hii, sumaku isikuzuzue, hata msumari inaunasa. Mwambie mwenye jiwe akate kipande kipelekwe kwa wataalamu wa miamba. Akianza visingizio, achana naye.

Tulicheka njia nzima. Lakini nilipofika nyumbani nikaisoma tena barua yako, pale uliposema huwezi kurudi mikono mitupu baada ya miaka tisa, nikalia sana. Nani aliyekwambia tunangojea mizigo? Babako alikufa anauliza utakuja lini, hakuuliza utaleta nini. Hati nimeirudisha sandukuni na haitoki. Kata tiketi, Luay. Njoo na begi la nguo chafu, nitakufulia mwenyewe.

Bayan anakusalimu, na jirani yetu Bi Mwamvua pia, anasema amesahau sauti yako. Mola akulinde ugenini na akurudishe kwetu salama.

Nikupendaye kuliko shamba na mawe yote,
Shangazi yako Harusi