Safari za Juni na Ghuba ya Sakızlı

Mtaa wa Bandari ya Chini,
Marmaris.
9 Machi

Mpendwa wifi yangu Perihan,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu. U hali gani huko Linz? Goti lako linaendeleaje tangu upasuaji, au bado unapanda ngazi huku umeshika ukuta? Na Fikret je, wamempunguzia zamu za usiku? Selin naona kwenye picha amekuwa mrefu hadi anakupita, mashallah. Mwambie ale vizuri, mabega yamemkonda.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mvua zilinyesha vizuri mwaka huu, lakini hazikuleta furaha kama zamani, maana milima haina miti ya kuzuia udongo, na kila ikinyesha usiku asubuhi bahari mbele ya nyumba inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Asali ya msonobari hakuna. Wenye mizinga waliosalia wameihamishia bara.

Nimepata ujumbe wako kuhusu wanawake wenzako wa pale kwenye duka la mikate, kwamba mnakuja pamoja mwezi wa Juni na unataka nikupangie safari za boti. Nimefurahi, wifi, usione nimekawia kujibu. Nyumba hii inahitaji watu wa kucheka ndani yake.

Ya kwanza nimeipanga kwenda visiwani. Muwe gatini mapema, maana upepo ukishaamka adhuhuri wale ambao hawajazoea watatapika, na mimi ndiye nitakayepiga deki. Ya pili tutakwenda Dalyan, tuingie mtoni katikati ya matete, wajipake lile tope la moto hadi mashavuni wapigiane picha. Chakula nitapika mwenyewe. Waambie waje na kofia, na wasije na viatu vya visigino kama yule rafiki yako wa mwaka ule.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu badala ya simu. Ulisema unataka uwapeleke Sakızlı, wakaone pale Şükrü alipokuwa akitukaangia samaki. Nilisikiliza maneno yako jikoni, na kaka yako Tahsin alikuwa mlangoni, naye akayasikia. Alitoka nje, akarudi kumekucha. Mambo haya hayasemeki kwenye simu hali kaka yako yuko chumba cha pili, na kuta zetu unazijua.

Wifi, wakati wa ule moto wa msitu kiangazi kilichopita wewe ulikuwa umelazwa hospitali, na sisi tulikuambia kwamba Şükrü alirudi mlimani kuokoa mizinga yake ya nyuki. Tulikubaliana tukuambie hivyo ili usiumie zaidi, maana Şükrü mtoto wa shangazi yenu Havva mlilelewa naye sahani moja. Hakurudi mlimani. Hakuwa na mzinga hata mmoja siku hiyo, alikwisha kuuza.

Siku ile boti yetu ilikuwa Sakızlı na wageni wa siku. Walikuwa wameogelea, Şükrü yuko nchi kavu pale kando ya gati anageuza samaki juu ya makaa. Moto ulitokea nyuma ya mlima na upepo, ukateremka kwa kasi ambayo mtu hawezi kukimbia nayo. Njia ya gari ikafungwa. Watu wote waliokuwa kwenye mahema na ile nyumba ya wageni wakakimbilia gatini, na boti pale ilikuwa ni ya kwetu peke yake. Tahsin aliwapakia wote, na Şükrü naye akapanda. Hakumwacha hata mmoja. Walikuwa wamejaa hadi juu ya paa la usukani.

Sasa pale unapakumbuka, maji ni machache. Boti kwa ule uzito ikakaa kwenye mchanga. Tahsin akarudisha injini nyuma, ikanguruma tu, haitoki. Cheche zikaanza kuangukia turubai la kivuli. Ndipo akapiga kelele kwamba mtu ashuke asukume boti kwa mbele, kwenye omo, la sivyo wote wataungulia hapo. Şükrü akashuka. Akasukuma kwa bega, maji yakimfika kifuani, boti ikatoka. Turubai lilikuwa limeshika moto, watoto wanapiga kelele, na Tahsin hakusimama kumpandisha.

Alikwenda nje ya rasi, akawahamishia abiria kwenye boti za wavuvi, kisha akageuka. Mara ya kwanza moshi ulimzuia mlangoni mwa ghuba. Mara ya pili akaingia, akakuta gati haipo. Şükrü walimwokota kesho yake kwenye miamba ya upande wa kushoto. Alikuwa majini, mwili hauna hata alama ya moto. Moshi ndio uliomuua, ulilala juu ya maji kama blanketi.

Basi hayo ndiyo tuliyokuficha. Nisamehe kwa hilo, lakini niache niendelee.

Tangu hapo kaka yako si yule. Majira ya baridi yote boti ilipokuwa juu nchi kavu alikuwa akiipaka rangi, akimaliza anaikwangua tena. Kule kwenye mkahawa wa manahodha hakanyagi. Alikwenda Januari, akakaa, akaagiza chai, na yule Kadir mwenye boti ya bluu akamwambia mbele ya watu, "Vipi nahodha, mwaka huu botini kwako kuna nafasi, au tutashushwa njiani?" Wapo waliocheka. Tahsin aliweka glasi chini polepole, akaondoka, na chai hakuinywa.

Watu walikuwa na habari nusu, wifi, na nusu nyingine wakaijaza wenyewe. Wengine walisema alimsukuma. Wengine walisema walikuwa wamegombana asubuhi.

Mwezi uliopita akaja wakala, Bwana Nejdet, kupanga ratiba ya msimu. Nilimwekea chai na biskuti. Akasema, "Jumatano tuweke Sakızlı. Majani yameanza kuchipua, na wageni wanataka kuona palipoungua, wanauliza kila siku."

Tahsin akamwambia, "Siingii Sakızlı."

"Kapteni, wenzako wote wanaingia."

"Basi waingie. Wapelekee wageni hao."

Bwana Nejdet akanitazama mimi, kana kwamba nina ufunguo wa kichwa cha mume wangu. Akakunja karatasi zake, akaenda kwa Kadir. Ndiyo maana nakuambia msimu huu bado sijui utakuwaje.

Juma lililofuata, asubuhi, mlango ukagongwa. Shangazi Havva. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu hitima ya arobaini. Alikuwa amevaa koti la Şükrü, lile la mpira la kijani, mikono imemzidi hadi vidole havionekani. Nikamwambia, "Karibu shangazi, pita, chai iko tayari."

"Sikuja kunywa chai, mwanangu. Yuko wapi huyo?"

Tahsin akatoka chumbani. Wifi, hujawahi kumwona kaka yako akiogopa. Mimi nilimwona.

"Boti yako inashuka majini lini?"

"Jumamosi, shangazi."

"Basi Jumamosi utanipeleka Sakızlı. Mimi ndiye abiria wako wa kwanza."

"Shangazi, niombe kitu kingine chochote."

"Sina kingine cha kukuomba. Nilikuwa na kimoja tu."

Tulikwenda watatu. Bahari ilikuwa shwari, jua limetoka, siku ya kupendeza kabisa, nikaona vibaya hata kwamba siku yenyewe ni nzuri. Tahsin alishika usukani njia nzima. Tulipofika mlangoni mwa ghuba akapunguza mwendo, mikono ikabaki kwenye usukani haigeuzi. Shangazi alikuwa amekaa omo, amempa mgongo. Bila kugeuka akasema, "Ingia." Akaingia.

Gati imebaki nguzo tu, nyeusi, zimechomoza majini. Mlima nao ni mweusi, na chini yake kumeota majani mabichi ya kijani hadi macho yanauma. Tahsin akazima injini. Hatukutia nanga.

Shangazi akasema, "Mengi nimeambiwa, hili na lile. Sasa niambie wewe. Hapahapa."

Akamwambia kama nilivyokuandikia hapo juu, bila kupunguza. Alipofika pale pa kupiga kelele kwamba mtu ashuke, shangazi akamkatiza.

"Mlikuwa na wanaume wangapi humo?"

"Wengi."

"Kuna aliyesogea?"

"Hapana. Waliinamisha macho. Wengine walikuwa wameshika watoto, wengine mifuko yao."

"Na wewe ulipopiga kelele, ulikuwa unamtazama nani?"

 Maji yalikuwa yanapiga ubavu wa boti.

"Yeye, shangazi. Nilimtazama yeye."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilijua atashuka."

Wifi, mimi nimelala na mwanamume huyu tangu nikiwa msichana, na hilo nalisikia kwa mara ya kwanza. Nilishika ubao niliokalia.

Shangazi hakulia. Aliificha mikono ndani ya lile koti. Kisha akauliza, "Alisema nini aliposhuka?"

Tahsin alizitazama zile nguzo. "Alisema, 'Kimbia, na usichelewe kurudi, punda wewe, samaki wangu wataungua.'"

Sauti iliyomtoka shangazi sijui niiite kicheko au nini. Akafunika mdomo na mkono wa koti. Halafu akasema, "Nimesikia. Nirudishe nyumbani."

Tulipofika bandarini Tahsin alimnyoshea mkono ashuke. Hakuushika. Alishika wangu. Akaenda zake kwa miguu, na koti linaburuta.

Usiku ule kaka yako alishikwa na homa, akakaa kitandani siku kadhaa, jasho linamtiririka. Sikumwita daktari, alikataa. Juzi ameamka, amekula supu, ameshuka bandarini kuangalia kamba. Sitakuambia kwamba amepona. Nakuambia ameshuka bandarini.

Kwa hiyo safari yenu ya tatu nimeipanga upande wa mashariki, kwenye ule ufuo wa mchanga mwekundu. Wenzako hawatajua tofauti. Wasiandike jina la Sakızlı popote, wala wasimwonyeshe picha za zamani. Wewe ukitaka kwenda kumsomea Şükrü fatiha, nitakuombea boti ya mtu mwingine, tutakwenda mimi na wewe asubuhi.

Nilisita siku nyingi kuiandika barua hii, wifi. Nilijiuliza kama ni haki yangu. Jana jioni shangazi Havva alipita, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia, akaniona na karatasi. Akauliza namwandikia nani. Nikamwambia, na nikamwambia pia kwamba nimefika pale Tahsin alipomtazama Şükrü na sijui niendelee au niache. Akatazama karatasi kana kwamba anaweza kuisoma kwa mbali. Akasema, "Andika yote. Mwambie aje. Na akija, asimuulize kaka yake kitu. Nimekwisha kumuuliza mimi."

Msalimie Fikret, na umbusu Selin kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Mungu akulindeni barabarani na majini, akupe usingizi ukishaisoma barua hii.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na kukungoja,
Gülten