Dawa ya Damu

Bunia, Jumapili, baada ya misa

Yaya Joyeuse, dada yangu mukubwa,

Natumaini huko Mahagi muko wazima. Siye hatujambo. Mvua imerudi, na viazi vya Bule vimejaa sokoni.

Ile damu yangu unaijua: inakauka miezi, kisha inatoka majuma mfululizo. Siku ya Pasaka nilianguka kanisani katikati ya wimbo. Daktari alinipa vidonge vya kupanga uzazi, akasema vitarekebisha siku zangu. Kweli, vimezirekebisha.

Lakini mama ya mchumba wangu Rémy aliviona kwenye sakoshi yangu ya mkononi.

“Weye mukatoliki, unazuia watoto hata mbele ya ndoa?”

Nilimweleza, hakutaka kusikia. Na mimi woga ukaniingia, nikaenda kwa padiri. Akaniambia, “Mwanangu, kutumia dawa ya kuponya ugonjwa si zambi, hata kama inazuia mimba. Meza, upone.”

Nilimpelekea Rémy maneno hayo. Akasema, “Ni vizuri. Lakini uache kwanza, mama atulie.”

Nikamuuliza kama alikuwa kanisani siku ile nilipoanguka.

“Nilikuwa. Ni mimi nilikubeba.”

Jioni nilimeza kidonge changu. Kesho yake nilimrudishia pete. Yeye alilia. Mimi bado.

Basi kitenge cha harusi usikipeleke kwa fundi. Unisalimie watoto, na uniombee, lakini usiniombee nirudiane naye.

Mudogo wako,
Christella