Saa Tano Angani, Mama, na Njia ya Kuja Kwako

Mama yangu,

Siku nilipokuaga kwamba naenda kufanya kazi za ndani Maskati, uliniuliza jambo moja tu: ni mbali kiasi gani. Tulikuwa shamba letu la kijijini Lionja tunaokota korosho, wala hukuinua kichwa. Nikakwambia ndege kutoka Dar inakwenda mwendo wa saa tano na nusu hivi, moja kwa moja. Ukaona ni karibu. Ukanikumbusha tulivyokuwa tukipeleka ufuta Ruangwa, mimi na wewe juu ya magunia, gari linakwama kwenye mchanga tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ukasema Ruangwa ile ilikuwa mbali kuliko Maskati. Tukacheka, nami nikaondoka na moyo mwepesi.

Mdogo wangu Issa aliponipigia kunieleza kwamba umelazwa Nachingwea na huli tena, nilishika hesabu ileile. Mama mwenye nyumba aliniruhusu siku hiyohiyo. Karibu kilomita elfu nne, mama, nilizipita nimekaa, naletewa chai. Nilitua Dar nikijua kesho yake jioni nitakuwa pembeni ya kitanda chako.

Kumbe mvua ilikuwa imekata barabara mbele ya Somanga, tukiwa ndio kwanza tumeingia mkoa wa Lindi. Basi letu lilisimama nyuma ya mengine mengi, maji yakipita mbele yetu kwa kasi. Abiria walitandika khanga chini, wengine wakawa wanapika uji kando ya barabara. Mimi nilisimama tu, viatu vya safari vimejaa tope.

Issa alinipigia, akakuwekea simu sikioni. Uliniuliza nimefika wapi. Uliuliza kwa Kimwera, na sauti yako ilikuwa ndogo mno.

"Somanga, mama. Maji yamekata njia."

"Somanga si Lindi hiyo?" ukasema. "Basi umeshafika, mwanangu. Pumzika."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Asubuhi Issa alipiga tena, akalia kwanza. Kisha akaniambia wazee wanauliza kama wanisubiri. Nilitazama yale maji. Nikamwambia wakuzike, wasikuweke kwa ajili yangu. Nilifika Lionja siku ya pili yake baada ya alasiri. Shangazi alinishika mkono mpaka kaburini, na udongo ulikuwa bado mbichi.

Sasa nimerudi Maskati. Napiga pasi, nalisha watoto wa watu, nalala, naamka. Wananiuliza kwetu ni mbali, nami siku hizi sitaji tena saa za ndege. Mwili unauma hata nikiwa sijafanya kitu, mama. Nikiwapigia nyumbani, kila mmoja ananiuliza nitakuja lini, na swali hilo linanichosha kuliko kazi.

Juzi nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba mkataba ukiisha sitaweka saini nyingine. Hakupinga. Issa naye nimemwambia asafishe upande wangu wa mikorosho. Najua sitakuta mtu wa kunipokea kama wewe. Narudi tu kwa sababu nimechoka kuwa mtu wa kusubiriwa.

Mungu akupe nafasi huko uliko.

Ni mimi, mzaliwa wako wa kwanza.