Nusu ya jetoni namba 47

Mama Suzanne mpendwa wa redio, naomba msaada, na naomba usome mpaka mwisho, juu batu ya kwetu wananikataka maneno kila mara. Miye ni Musoki, niko na miaka 25 na miezi 10, tulitoka Butembo ningali mutoto, na leo niko na parking yangu ya pikipiki pembeni ya soko moja ya hapa Bunia. Hakuna mutu alinipatia ile kazi. Nilianza na bâche, turubai yenye matundu, na pikipiki 4, leo siku ya soko nalinda 130, na kwa miaka sita haijapotea hata moja. Jetoni, vipande ya namba, natengenezaka mwenyewe mu plastiki ya bidon ya njano: naandika namba mara mbili ku kipande moja, napasua katikati nikipindisha kisu kama nyoka anatembea, nusu inabaki ku guidon, usukani wa pikipiki, nusu mwenye pikipiki anaenda nayo. Akirudi, naunganisha. Hakuna mipasuo mbili yenye kufanana, na ile siri sikuambia mutu.

Sasa samedi, Jumamosi yenye ilipita, saa ine ya asubui, mwanaume moja alikuja na jetoni 47 kuchukua pikipiki nyekundu, « dada harakisha, mugonjwa ananingoja », nikaunganisha, nusu yake ilikuwa imekatwa sawa kama rula, nikamuambia « papa, hii si jetoni yangu », akajibu « plastiki inavunjikaka, unataka tuite fundi? », na akapanda pikipiki, basi nikakaa chini mbele ya gurudumu, mu matope, na kikwembe yangu mupya ya kitenge, nikaita bamama ya sombe, wenye wanauzisha majani ya muhogo, kwa sauti yenye ilifika kanisani. Walikuja wote. Moja akachomoa ufunguo wenye aliingiza ku pikipiki na kumuambia « mugonjwa wako atapona, weye njo hautapona! »

Major Denise, mwanamuke polisi wa poste ya karibu, alifungua mufuko ya ule bwana: jetoni 9 za uongo, zote zimekatwa sawa. Mwenye pikipiki, mwalimu Osée, alifika mbio na kabichi mbili mu mikono, akatoa nusu yake mu shati, ikaingia tak! Soko yote ikapiga bigelegele. Pale Major akanitazama: « Miaka 11 niko mu hii kazi, sijaona mutu anakamata mwizi bila kumugusa. Weye unafanya nini huku? Kuandikisha bapolisi bapya inafungwa vendredi, Ijumaa, na mwisho ni miaka 25. Kuja. »

Toka siku ile najiona tu mu tenue, nguo ya polisi. Lakini mama yangu anasema « siku utavaa ile nguo, usikanyage mulango yangu », na ninamuelewa, juu mwaka moja alitoka Tchomia, kule ziwani, na samaki 40 mu beseni na alifika na 31, zile 9 zilibaki ku barrière, kizuizi cha njiani, kwa mikono ya batu ya tenue. Na tantine Gertrude, shangazi ya Ephraïm muchumba wangu, anasema mbele ya batu « mbuzi 12 ya mahari tupeleke kwa mutu mwenye atatufunga? », na Ephraïm alikuwa pale pale. Wananionea, Mama. Kama nakosa vendredi hii, miaka yangu inapita na mulango inafungwa. Niende ao nibaki na bidon zangu?

Musoki wa parking

*

Musoki binti yangu, kwanza nakupigia mikono. Nilisoma barua yako mbele ya batu ya hapa redio, na fundi wa sauti alisimama.

Lakini unanidanganya kidogo. Hauombi shauri, unaomba ruhusa. Na ulihesabu yote, pikipiki, samaki, mbuzi, ukasahau kuhesabu neno moja: Ephraïm mwenyewe alisema nini? Mu barua yako ako pale pale na kinywa imefungwa. Muulize leo, mukiwa wawili tu, bila tantine. Akisema « ndiyo », ataongea na tantine yake yeye mwenyewe. Akinyamaza tena, umepata jibu, na mbuzi zibaki nyumbani kwao zikule majani.

Mama yako, usimuite mutu wa zamani. Ana haki. Unafikiri ule mwenye alikula samaki 9 alianza kazi na roho ya kuiba? Naye siku ya kwanza aliapa. Ndiyo maana sitaki umuahidi mama yako kitu na kinywa. Ahadi ya kinywa alikwisha kupewa mingi.

Fanya hivi. Mercredi, Jumatano, fundisha mutu wako wa kuaminika kukata jetoni, parking isife juu yako. Jeudi, Alhamisi asubui, beba diplome yako na kartasi ya kuzaliwa, uende kwa Major Denise. Usingoje vendredi, weye unajua foleni. Na jeudi mbele ya kutoka, kata kipande ya njano, andika jina lako mara mbili, upasue na kisu yako ile ya nyoka. Nusu ushone ndani ya mufuko. Nusu umupatie mama yako, umuambie: « Siku mukono yangu itaingia mu beseni ya mama wa mutu, uniletee hii ku poste, mbele ya wakubwa wangu. »

Ataifunga mu kikwembe. Weye enda tu.

Na siku utasimama ku njia ya Tchomia, na mama yako anapita na samaki 40, umusimamishe kama wengine. Uhesabu mbele ya batu: 40. Halafu mutoe nusu zenu, mama na binti, muunganishe. Bamama ya sombe wanajua kazi yao. Bigelegele nitaisikia mpaka hapa studio.