Makubadhi ya Mzee Mjaka

Malindi, Mjini Unguja
Jumapili, 17 Novemba 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, alhamdulillahi, na natumai waraka huu utakukuta wewe na mama katika uzima kama wangu. Kifua cha mama kimepoa? Mwambie dawa asiiache njiani kwa kuwa ameona nafuu. Juzi kwenye simu nilikuuliza habari za paa la jikoni, ukanijibu habari za mbuzi, nikaona bora nirudi kwenye kalamu, maana masikio yamechoka lakini macho yako bado yanasoma, Mungu akuhifadhie. Barua nimempa Bi Mayasa, jirani yangu hapa, anayevuka kesho kuja Tumbatu kumzuru dada yake.

Jibu lako nililipata, na nimechelewa kukuandikia kwa sababu lilinishinda. Nilikuwa nimekupa habari kwamba bawabu wetu, Mudrik, amefukuzwa kazi kwa kumkosea adabu mzee wa watu mlangoni. Ukanijibu kwa uchungu kuwa mtu asiyejua kumpokea mzee hafai kulinda hata banda la kuku. Naomba leo unisikilize tangu mwanzo.

Pale mgahawani, kama ulivyopata kujua, mtu hapandi tu akakaa. Meza ni kumi na mbili, zote juu ya paa, na wageni huandikisha majina mapema, pengine wiki tatu kabla. Mwenye daftari nilikuwa mimi. Ukichelewa dakika kumi na tano, jina lako linakatwa na meza anapewa anayesubiri. Mavazi nayo yana kanuni zake, na mwenye kuzisimamia ni Mudrik, chini mlangoni.

Mwezi wa Septemba binti mmoja wa Kidichi, Salhiya, aliandikisha meza ya watu sita. Alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi, na alitaka kumlisha babu yake aliyemlea, Mzee Mjaka, mahali ambapo mzee huyo hajawahi kukanyaga ingawa viungo anavyovilima shambani kwake vimeuzwa humu mjini miaka arubaini. Alinipigia mara mbili kuhakikisha. Aliniuliza kama babu anaweza kuja na kanzu, nikamwambia kanzu ni heshima kubwa, aje nayo bila ya wasiwasi.

Siku yenyewe saa moja ikafika, meza yao ikawa tupu. Ilipotimia saa moja na robo nikalikata jina, nikawapa watalii waliokuwa wakisubiri kwenye ngazi. Sikujua kuwa Salhiya na watu wake wako chini wakati wote ule. Walifika mapema. Mzee Mjaka alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi, kofia iliyoshonwa kwa mkono na makubadhi yake ya ngozi, na Mudrik alimwambia kwa upole kuwa kanuni zinakataza viatu vya wazi. Salhiya alijaribu kumfahamisha, Mudrik akamwonesha karatasi ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani. Mpaka alipopanda mmoja wao kuja kuniuliza, meza ilikuwa haipo tena. Nikamwambia ndio utaratibu wetu. Wakaondoka bila ya kugombana, na hilo ndilo lililoniuma baadaye kuliko kama wangegombana.

Salhiya aliandika malalamiko mtandaoni yakasomwa na watu wengi. Bi Paola, meneja wetu, akamwita Mudrik. Mudrik akasema amefuata karatasi. Bi Paola akasema kanuni alizozitunga yeye kwa Kiingereza zinakataza ndara za pwani tu, hazikutaja makubadhi wala viatu vya wazi, kwa hiyo bawabu amejitungia sheria yake ili kuwadharau wenyeji. Wiki ile ile akampa barua ya kumwachisha kazi.

Siku ya tatu Mudrik alikuja kuchukua vitu vyake. Aliponiona ukumbini alinisalimia kama kawaida, akaitoa ile barua mfukoni. Ilikuwa ya Kiingereza. Akaniambia, "Dada Wanu, nisomee unifasirie. Nnataka nijue wameniandika vipi. Kwako najua sitopata neno la uongo."

Nikasoma mstari wa kwanza, nikasoma wa pili, nikashindwa. Baba, karatasi ile ya ukutani niliifasiri mimi. Bi Paola alinipa maneno yake mwaka jana, na nilikuwa na haraka, nikaona "viatu vya wazi" yanasomeka vizuri zaidi kuliko "ndara za pwani". Hivyo tu. Sikufikiri miguu ya nani itasimamishwa na neno hilo.

Na hilo lingekuwa kosa la mkono. Kubwa zaidi ni kuwa siku Mudrik alipojitetea, Bi Paola alinigeukia mimi akaniuliza kama ya Kiswahili inasema sawa na ya Kiingereza. Nikamjibu, "Inasema sawa." Niliogopa kupoteza kazi. Nilimtazama mtu mwenye watoto watatu anafukuzwa kwa kosa langu, halafu nikaja nyumbani nikakuandikia wewe kuwa ni mtu asiye na adabu.

Nilimwambia Mudrik palepale ukumbini. Hakunitukana. Alikaa kwenye ngazi, akaniuliza, "Sasa utapanda juu, au niende zangu?" Nikapanda. Bi Paola alinisikiliza mpaka mwisho, akazichukua karatasi zote mbili, akamwita mpishi mkuu, anayezijua lugha zote mbili, azisome mbele yangu. Mudrik akarejeshwa siku ya pili yake. Mimi nimeondolewa kwenye daftari kwa miezi mitatu, niko chumba cha kufulia, napiga pasi vitambaa vya meza. Nashukuru sana kwamba sikufukuzwa. Nashukuru pia kwa kile chumba, kwa sababu mtu akipiga pasi anapata nafasi ya kufikiri.

Jumamosi iliyofuata mimi na Mudrik tulikwenda Kidichi kuomba radhi. Mzee Mjaka alitupokea barazani, akatukatia mafenesi, asitake kwanza kusikia habari yoyote mpaka tumekula. Nilipomaliza kueleza alicheka kidogo, akamwambia Salhiya alete viatu. Salhiya akatoa viatu vyeusi vya kufunga. Kumbe siku ya pili baada ya kurudishwa mlangoni mzee alikwenda sokoni Darajani akavinunua, na kila alasiri alikuwa akijizoeza kutembea navyo uani, ili mjukuu wake asifedheheke tena. Mguu wa kulia hana kidole gumba, kilikatwa kwa maradhi ya sukari, na kiatu kilimtoa damu. Salhiya alivirudisha dukani, mwenye duka akavikataa kwa kuwa soli zimeshasuguliwa na changarawe.

Nililia mbele za watu, baba. Mzee Mjaka akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani kosa ni la miguu yangu. Umenipa raha kuja kuniambia."

Bi Paola aliwaalika upya na akawapa meza inayotazama bandarini. Walikuja Alhamisi. Mimi nilikuwa chini na vitambaa vyangu, nikachungulia mlangoni: Mzee Mjaka na makubadhi yake, Mudrik amemshika mkono ngazi kwa ngazi, orofa nne, wakipumzika kila orofa. Mudrik aliniambia baadaye kuwa walifika mezani dakika ishirini baada ya saa yao, na hakuna aliyelikata jina. Karatasi mpya ya ukutani tumeiandika pamoja mimi na Mudrik, na kila neno aliniuliza maana yake kabla ya kulikubali.

Nakushukuru, baba, kwa ukali wa jibu lako. Ulimpiga asiyehusika, lakini mimi ndiye niliyeumia, na ndivyo ilivyostahiki. Lile neno la banda la kuku naomba umwondolee yeye, na kama litakuwa langu, nitalipokea.

Nisalimie mama, umwambie nitakuja mwisho wa mwezi na shuka alizoniagiza. Msalimie shangazi Zeyana na wote wa Gomani wanaoniulizia. Mudrik anajua kuwa nakuandikia haya. Anakuamkia, na anakuomba usinikasirikie kwa muda mrefu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Wanu Ame